Ngiri Auza Shimo Lake

Moto ulipoiteketeza nyika, kila mnyama alitaka shimo la kujihifadhi, na bei ya mashimo ikapaa. Nungunungu, ambaye mkewe alikuwa mjamzito, akamletea Ngiri rundo kubwa la viazi mwitu ili amwuzie shimo alilorithi kwa babake.

"Baba watoto, tutalala wapi?" akauliza mke wa Ngiri.

"Mvua ikinyesha bei itaanguka," akajibu Ngiri, aliyejiona mjanja kuliko wote. "Tutanunua jingine kwa viazi vichache, vitakavyobaki ni faida yetu."

Akauza. Wakahamia kichakani na watoto wao, wakala wakashiba. Lakini mvua ilichelewa, na Chui akaijua njia ya kile kichaka. Kila alipopita, mtoto mmoja hakuonekana tena.

Hatimaye mvua ikanyesha, na bei ikaanguka vile vile Ngiri alivyotabiri. Akanunua shimo kwa kiazi kimoja tu, akamwita mkewe aje alione.

Mkewe akaingia, akazunguka ndani, kisha akatoka.

"Ni kubwa mno, mume wangu," akasema. "Sisi wawili tutalijazaje?"

Ngiri akakaa pale mlangoni, hakuingia.