Mgonjwa wa Demetria

Kwa mara ya nne wiki ile, mgonjwa alipitishwa barabarani mchana kweupe, amelazwa kwenye kitanda cha kamba, kafunikwa khanga gubigubi. Marselino na wenzake watatu walikibeba kitanda kwa mwendo wa adabu. Demetria alitangulia akijipangusa machozi, nayo yalikuwa ya kicheko.

Chini ya khanga ulilala mshubiri wake, mrefu kumpita mtu, wenye miiba kila jani.

Bomani walikuwa wametoa amri: kila kiwanja cha Chang'ombe kiwe na mti hai unaompita mtu kimo, la sivyo mwenyewe ahame. Amri ikakutana na ukame. Bomba la mtaa likawa latoa ndoo moja kwa nyumba, na miche yote ikafa. Mshubiri wa Demetria tu ndio haukuwa na habari. Ukiung'oa leo, wiki nzima mizizi iko nje nao umenawiri vilevile. Basi majirani wakauazima: Jumanne kwa Sesilia, Jumatano kwa Ansbert, Alhamisi asubuhi kwa Marselino. Sasa ulikuwa unarudi kwao.

Kilichowaokoa ni tabia ya mkaguzi, Bwana Theonest, mtu asiyejua kucheka. Kila akimaliza kazi alitaja kwa sauti nyumba atakayokwenda kesho yake.

Kwenye kona wakakutana naye uso kwa uso. Papo hapo mwiba ukamchoma Marselino begani, akaguna kwa uchungu.

Theonest akavua kofia. "Pole, Mama. Naona mgonjwa kazidiwa."

Demetria akaitikia ameinamisha kichwa. Mkaguzi alipopotea machoni, alicheka hadi akakaa chini mchangani.

Ijumaa, siku ya zamu yake, kicheko kilimkauka. Kiwanja kile ndicho alichoachiwa na marehemu mumewe, kingine hana. Theonest aliupima mshubiri kwa fimbo, akauzunguka, akaligusa jani lililovunjika, akainama kuuchunguza udongo uliochimbuliwa jana.

Mkaguzi akaandika kwenye daftari kwamba mti upo. Alipofika mlangoni akageuka, akatazama huku na huku, akashusha sauti.

"Mama, kesho Bwana Mkubwa anakuja kukagua viwanja vyetu sie wakaguzi, kule Buguruni. Mgonjwa ataiweza safari?"