Wasishangilie

Mkono wa Ghislaine ulipenya mpaka kifundoni nyuma ya utepe wa nyuzi za kaboni. Alikuwa ameubandika mwenyewe miaka ya nyuma, kuipa nguvu boriti ya zege iliyobeba jukwaa la watazamaji katika uwanja wa hoki ya barafuni. Lakini maji yalikuwa yameingia kwenye gundi, yakaganda na kuyeyuka kila msimu, na sasa utepe ulikuwa umebanduka. Boriti ilikuwa na ufa mbichi.

Juu yake mji mzima ulishangilia kwa vishindo. Vumbi la zege likamwangukia usoni.

Angepiga king'ora, wangekimbia wote kwa mpigo, na boriti isingestahimili.

Akatoka mbio, akaingia katikati ya mchezo, akajitupa kifudifudi juu ya barafu na kutulia kama maiti.

Vishindo vikakatika. Jukwaa likanyamaza kimya.

Golikipa akamwinamia. "Dada Ghislaine! Ni moyo?"

"Mimi mzima. Jukwaa linavunjika. Mwambie mtangazaji awatoe polepole, safu moja moja."

"Mungu wangu! Haya, inuka basi, utaganda hapa."

"Nikiinuka watashangilia. Nenda!"

Shavu lake likashikana na barafu. Akafumba macho, akasikiliza miguu ya watu ikianza kushuka.