Daftari la Askari wa Uongo

Bi Mkasi aliitwa kituoni kumtambua mtu aliyejifanya polisi. Alimkuta ameketishwa sakafuni, pekupeku, amevuliwa sare na kubaki na fulana.

"Mama, huyu ndiye aliyekuwa akija kwako?" aliuliza inspekta.

"Ndiye. Kila Ijumaa, tangu mwanangu Tunu apotee."

"Alichukua nini?"

"Alikula wali wangu. Akaniuliza habari za Tunu, akaziandika."

Inspekta alifungua daftari lililokuwa mezani, akasoma kwa sauti huku akicheka. Kovu gotini. Gauni la kijani. Jina la mwanamume aliyekuwa akimfuata Tunu sokoni. Kicheko kikamwisha taratibu.

"Na ninyi mliandika wapi?" Bi Mkasi aliuliza. "Nilikuja hapa mara tatu."

Inspekta alimtazama koplo aliyesimama kando yake, koplo akatazama dirishani.

"Hilo ni jambo jingine, mama. Leo tuna kesi ya huyu."

"Basi nipeni hilo daftari."

"Haiwezekani. Ni kielelezo." Akalitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akaandika juu yake jina la mshtakiwa.

Yule mtu akasema bila kuinua kichwa, "Nisamehe, mama. Mimi nilifuata wali tu."

Koplo alimshika Bi Mkasi kidole gumba, akakipaka wino, akamsogezea karatasi ya maelezo.

"Weka hapa, mama, uende zako nyumbani."

Kidole kilibaki hewani, na wote wanne wakawa wanakitazama.