Tarehe ya Dena

"Kesho," Dena alisema, meno yameumana. "Kesho mnipasue mnavyotaka. Leo sikubali."

Daktari Shukri alimgusa tumbo. Lilikuwa gumu kama ubao. Kidole tumbo kilikuwa kimeshapasuka na usaha ulikuwa ukisambaa ndani.

"Kesho kuna nini?"

"Kumi na mbili Desemba. Siku yangu ya kuzaliwa."

Pamela, mke wa Dena, aliinamisha uso. Wimbo huu aliujua. Kule kwao Kakuyuni, Dena alikuwa fundi wa redio, na kibanda chake alikiita Jamhuri. Ukutani alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu mambo yote ya tarehe hiyo: nchi kupata uhuru; mwaka uliofuata, nchi kuwa jamhuri; na zamani zaidi, mawimbi ya redio kuvuka bahari ya Atlantiki kwa mara ya kwanza. Chini yake akaandika: *Na Dena, fundi, akazaliwa.*

"Nilifungua kibanda siku hiyo. Nilioa siku hiyo," Dena alihema. "Gari lilipopinduka Matsangoni, watu wakavunjika mbavu, mimi nikatoka bila mkwaruzo. Siku hiyo! Daktari, siku yangu haijaniangusha hata mara moja."

"Mwanao alizaliwa Novemba ukanuna wiki nzima," Pamela alisema, sauti ikikatika. "Dena, nakuomba. Trizah atamwita nani baba?"

"Kesho, Pamela. Nivumilieni hadi kesho."

Daktari alitoka, akaenda ukumbini. Dorcas, mamake Dena, alikuwa amesimama kando ya mlango, leso imekazwa kiunoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Niambie, baba, usinifiche."

"Ana akili timamu, na amekataa. Siwezi kumpasua kwa nguvu. Lakini hiyo kesho anayoisubiri, mama, hataiona."

"Akikubali sasa hivi?"

"Sasa hivi, nina matumaini."

Dorcas aliutazama ukuta kitambo. Kisha akaingia, akaketi kitandani, akaushika mkono wa mwanawe uliokuwa ukiwaka moto.

"Dena, tarehe hiyo si yako."

"Mama, usianze."

"Nisikilize. Kabla yako nilizaa mtoto mwingine. Wa kwanza wa kiume, kwa hivyo akapewa jina la babu yako, Dena. Huyo ndiye wa kumi na mbili Desemba. Surua ikamchukua. Ulipokuja wewe, jina la mzee halingeachwa lipotee, tukakupa wewe. Cheti cha kuzaliwa kilikuwepo tayari, jina ni lile lile. Baba yako akasema, ya nini kuhangaika na cha pili?"

Pamela aliufunika mdomo kwa kiganja.

Dena alimkazia mamake macho. "Mbona hamkuniambia?"

"Habari za mtoto aliyekufa hasimuliwi mdogo wake. Unajua."

"Apa."

"Dena..."

"Apa kwa kaburi la baba!"

Pamela alihisi nywele zikimsimama. Kwao, aliyeapa uongo kwa kaburi hakungoja ahera; malipo yalimjia mlangoni.

"Naapa kwa kaburi la baba yako, Mangi," Dorcas alisema. Sauti yake haikutetemeka. "Kesho hakuna chako. Kesho ni ya marehemu."

Dena aligeukia dari. Alianza kucheka, kicheko kikamchoma tumboni, kikageuka kilio. Alilia kama mtu aliyeibiwa nyumba na vyote vilivyokuwemo.

"Basi mimi ni wa lini?"

"Utoke kwanza huko ndani. Tutazungumza."

"Nipeni hiyo karatasi ya idhini," akasema. Alitia sahihi bila kuitazama. Wauguzi wakamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji, naye hakugeuka kumwangalia mamake.

Wawili wale walikaa kwenye benchi ukumbini. Dorcas hakugusa chai aliyoletewa. Midomo yake ilikuwa ikicheza, lakini Pamela hakusikia neno.

"Pole, mama," Pamela alisema hatimaye. "Miaka yote hii umelibeba jambo hilo peke yako."



Jua lilikuwa limeshaanza kupungua makali mlango ulipofunguliwa. Daktari Shukri alivua barakoa, akatabasamu kwa uchovu.

"Amevuka. Tungechelewa kidogo tu, lingekuwa jambo jingine." Akamgeukia Dorcas. "Ameamka, lakini hana raha. Swali lake ni moja tu, mama: anataka kujua alizaliwa tarehe gani."

"Mwambie naja," Dorcas alisema.

Daktari alipokwisha kuingia, Dorcas alimshika Pamela mkono, vidole vyake baridi kama samaki.

"Nitafutie tarehe, mwanangu, upesi, yoyote ile," alinong'ona. "Mimi nimezaa mtoto mmoja tu, na tarehe ile ilikuwa yake."