Baba wa Watu Wote

Kijana aliyekaa chini ya saa ya ukutani alisema amekuja kumwona baba yake. Katibu muhtasi hakushtuka. Nusu ya wageni wa ofisi hiyo ya mbunge husema hivyo hivyo.

Miaka nenda rudi mheshimiwa alicheza baba kwenye tamthilia ya televisheni, baba mpole wa watoto saba, mpaka nchi nzima ikamwita Baba. Alikuwa na kipaji cha kutoa chozi jicho la kushoto peke yake, lile la upande wa kamera. Chozi hilo lilimpeleka bungeni, na humo likapitisha sheria yake: figo itolewe na ndugu wa damu tu, mwingine yeyote ni jela. Wakati huo alikuwa mzima wa afya, na kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake.

Sasa figo zake mwenyewe zilikuwa zimekufa. Alikuwa akifungwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa siri, na daktari alikuwa ameacha kuzungumzia mwaka ujao. Tumaini lilikuwa dada yake, ndugu pekee aliyebaki. Majibu ya vipimo yangekuja leo, kwa simu.

"Kuna mmoja hataki picha wala saini," katibu muhtasi alisema. "Anasema hataki kitu."

"Wasiotaka kitu ndio wenye gharama," mheshimiwa akajibu, akachungulia mlangoni.

Alimjua papo hapo. Sikio la kulia lilikuwa limejikunja juu, kama lake. Mama wa kijana alikuwa akiwapaka vipodozi waigizaji wa tamthilia. Siku aliyosema ana mimba ndiyo siku aliyofukuzwa kazi. Mheshimiwa hakuuliza tena habari zake, na wala hakulala vibaya.

Akavaa uso wa kwenye televisheni, akatoka. Chumba kizima kikasimama.

"Shikamoo, Baba." Kijana alikuwa na plasta ndogo kwenye kiwiko, upande wa ndani.

"Marahaba, mwanangu! Humu ndani nani si mwanangu?" Watu wakacheka. Akamkumbatia, akamnong'oneza: "Mama yako kakutuma?"

"Mama alishafariki. Kuna jambo nataka kulifanya. Nikaona si adabu kulifanya kabla hatujaonana."

Magazeti, mheshimiwa aliwaza. Au mahakama. Na uchaguzi huo uko mlangoni.

"Sikiliza, we mtoto," akazidi kunong'ona. "Mimi sikuzaa. Jambo lako, liwe lolote, usilifanye. Nakukataza. Ukithubutu, utaozea jela."

Kijana alimtazama kitambo, kama mtu anayesoma kibao cha barabarani mara ya pili.

"Sawa, Baba," alisema, akashuka ngazi.

Mheshimiwa akawageukia wageni, chozi likimlengalenga jicho la kushoto. "Yatima, maskini," alisema. Wakampigia makofi.

Simu ililia kabla ya chakula cha mchana.

"Figo ya dada yako haikufai," daktari alisema. "Lakini alikuja na mtu mwingine. Sikutaka kukwambia kabla sijawa na hakika. Vipimo vyote vimekubali, na cha damu kimethibitisha ni mwanao. Ilibaki aweke saini tu."

Mheshimiwa alikuwa amesimama. "Yuko wapi? Mzuie hapo hapo!"

"Ameondoka sasa hivi, nimembembeleza nimeshindwa. Anasema baba yake amemkataza."