Kitufe cha Nukta

Nilivaa glavu kwa utani tu, kumwigiza muuguzi, na fundi mwenzangu akacheka. Kwenye kioo cha pampu ya dawa tuliyoitengeneza nikabonyeza mbili, nukta, tano.

Kikaandika 25.

Nikarudia polepole. 25 tena. Kitufe cha nukta, kidogo kama punje ya mchele, hakikuhisi kidole chenye glavu.

"Hebu vua," fundi akasema.

Nikavua. 2.5, kama siku zote tulivyoijaribu, kwa vidole vitupu.

Kicheko kikamkauka mdomoni. Pampu ya kwanza ilishapelekwa wodini, kando ya kitanda cha mdogo wangu.

Nikampigia mama anayemuuguza.

"Ondoa hofu, mwanangu," akasema kabla sijafungua mdomo. "Muuguzi ameshaweka kipimo cha dawa na kuiwasha mashine yenu. Ndiyo kwanza anavua glavu."