Chumvi ya Watu Watatu

Dereva wa lori alikuwa keshavaa viatu, begi begani, mama yake alipomwita jikoni aonje maharage ya safari.

Tangu augue, ulimi wa mama haukujua tena ladha. Alikuwa ameapa kwamba siku atakapoharibu chungu, ataacha kupika.

Chumvi ilimkaba dereva koo. Mama alimkazia macho, mwiko ukimdondoshea mchuzi miguuni.

"Niliongeza kijiko ulipotoka," dereva alikiri. "Nilidhani umesahau."

Baba akakohoa mlangoni. "Mimi viwili."

"Nami nilishatia," mama akasema, akiangua kicheko. "Wezi wengine huiba, nyinyi mnaongeza. Vua viatu, mwanangu. Wewe mzee, menya vitunguu."

Lori liliondoka kesho yake. Maharage walimwagiwa kuku, wakayasusia. Mama anapika mpaka leo, baba anaonja, na amenenepa.